Maisha ya Sultani Aurangzeb, na Yanayotendwa kwa Jina Lake

Mwezi wa Machi mwaka 2025, katika mji wa Nagpur ulioko katikati ya Bara Hindi, watu walipigana kwa ajili ya kaburi. Kaburi lenyewe halimo katika mji huo. Liko Khuldabad, mbali na hapo, na aliyezikwa humo alikufa mwaka 1707. Vyama vya Kihindu vilitoka mchana kutaka kaburi hilo livunjwe. Ukaenea uvumi kwamba nguo yenye maandishi matukufu imetiwa moto, na usiku ulipoingia mawe yakarushwa, magari yakateketezwa, watu wakajeruhiwa, na serikali ikawakataza watu wa mitaa mingi kutoka majumbani mwao.

Mwenye kaburi hilo ni Muhyiddin Muhammad Aurangzeb, aliyejipa cheo cha Alamgir, mfalme wa sita wa Mughal. Wahindu wengi wa leo, ambao sisi watu wa pwani tumezoea kuwaita Mabaniani, wamefundishwa kwamba yeye ndiye adui mkubwa kabisa aliyepata kuitawala nchi yao. Waislamu wengi nao wamefundishwa kwamba alikuwa karibu na cheo cha mawalii. Sisi tukisikia khabari kama hizi, moyo hutupeleka upande mmoja papo hapo, tukadhani kwamba akilaumiwa Aurangzeb basi umelaumiwa Uislamu, na kwamba kumtetea katika kila alilolitenda ni katika wajibu wa dini. Hilo si kweli, na lina madhara. Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu huyu kama yalivyokuwa, mema yake na mabaya yake, kisha tuone jinsi wanasiasa walivyomfukua na kumtia vitani tena.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Alizaliwa mwaka 1618 huko Dahod katika nchi ya Gujarat, nchi ambayo kwetu si ngeni, maana Wahindi wengi wa pwani hii asili yao ni huko na Kachi. Baba yake alikuwa Shah Jahan, na mama yake Mumtaz Mahal, yule ambaye alipokufa mwaka 1631 mumewe alimjengea kaburi la marumaru mjini Agra liitwalo Taj Mahal, ambalo watu hulisafiria kutoka pembe zote za dunia.

Alifundishwa Kurani na hadithi, na lugha za Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Ushujaa wake ulijulikana mapema. Mwaka 1633, akiwa bado hajatimiza miaka kumi na mitano, ndovu wa vita alitoka mbio akamwelekea. Watu wakakimbia, yeye akasimama juu ya farasi wake akampiga mkuki. Baba yake akampa dhahabu uzani wa mwili wake. Mwaka 1647 alipokuwa akipigana huko Balkh, wakati wa sala uliingia na vita vimepamba moto, akashuka juu ya farasi, akasali mbele ya majeshi yote mawili. Mambo hayo mawili, ujasiri na kushika ibada, hakuna adui yake awezaye kumkanusha nayo.

VITA VYA NDUGU

Katika ufalme wa Mughal hapakuwa na kanuni kwamba mtoto mkubwa ndiye mrithi. Mfalme alipokufa au kudhoofika, wanawe walipigana, na aliyeshinda alikalia kiti. Shah Jahan alipougua mwaka 1657, wanawe wanne wakashika silaha: Dara Shukoh, Shah Shuja, Aurangzeb na Murad Bakhsh.

Dara ndiye aliyependwa na baba yake. Alikuwa mtu wa tarika ya Kadiria, mpenda vitabu, naye mwaka huo huo wa 1657 alitimiza kazi ya kuzitia Upanishad, vitabu vikubwa vya hekima ya Kihindu, katika lugha ya Kiajemi. Lakini vitani hakuwa hodari. Aurangzeb na Murad waliyashinda majeshi ya baba yao huko Dharmat na Samugarh mwaka 1658. Aurangzeb akamfungia baba yake katika ngome ya Agra, akakaa humo kifungoni, akihudumiwa na binti yake Jahanara, mpaka alipokufa mwaka 1666. Dara alikamatwa, akatembezwa mitaani Delhi juu ya ndovu kwa kufedheheshwa, na mwaka 1659 akauawa kwa tuhuma ya kuwa ametoka katika dini. Murad, aliyekuwa mshirika, alitiwa gerezani, na mwaka 1661 akauawa. Shuja akakimbilia Arakan, akaangamia huko.

Mwenye kutaka kumsifu Aurangzeb kwa ucha Mungu yampasa asipite hapa haraka. Kadhi mkuu wa wakati huo alikataa kuukubali ufalme wake ilhali baba yake yu hai. Ukadumu utata huo mpaka akapatikana mwanachuoni mwingine, Abdul Wahhab, aliyetoa hujja kwamba mzee amekwisha dhoofika hawezi kutawala, naye akapewa ukadhi. Na Sharifu wa Makka alikataa kumtambua na kuzipokea zawadi zake kwa miaka kadhaa, kwa sababu hiyo hiyo. Basi Waislamu wa zama zake wenyewe hawakuona kwamba lawama juu ya tendo lake ni lawama juu ya Uislamu.

Wala vita hivyo havikuwa vya Waislamu na Wahindu. Jaswant Singh wa Marwar, Mrajput wa Kihindu, alipigana naye huko Dharmat. Na Jai Singh wa Amber, Mrajput mkubwa kama yeye, alihamia upande wake akawa katika majemadari wake wakuu. Kila mmoja aliangalia maslaha yake.

UTAWALA WAKE

Alitawala miaka arubaini na tisa. Nafsini mwake aliishi maisha ya kujinyima. Aliihifadhi Kurani nzima hali ya kuwa amekwisha kuwa mfalme, akaiandika kwa mkono wake, akashona kofia, na chumo la kazi hizo akaliweka mbali na hazina ya nchi. Aliwakusanya wanavyuoni chini ya Sheikh Nizam, wakatunga kitabu kikubwa cha hukumu za madh-hebu ya Hanafi, kijulikanacho kwa jina la Fatawa Alamgiri au Fatawa Hindiya, ambacho hata leo mahanafi hukirejea.

Yako mambo mengine ambayo ndiyo kiini cha ugomvi. Mwaka 1669 alivunja hekalu la Vishwanath katika mji mtakatifu wa Banaras, ukajengwa msikiti wa Gyanvapi, na sehemu ya ukuta wa hekalu yaonekana mpaka leo nyuma ya msikiti. Mwaka 1670 alivunja hekalu la Keshava Deva huko Mathura. Mwaka 1675 Guru Tegh Bahadur, imamu wa tisa wa Masingasinga, aliuawa Delhi kwa amri ya dola. Mwaka 1679 alirudisha jizya, kodi ya wasiokuwa Waislamu, ambayo babu wa baba yake, Akbar, aliiondoa mwaka 1564. Mambo haya yalitokea, na Mwislamu anayeyakanusha anasema uwongo.

Walakini yako na mengine yaliyotokea. Mwaka 1659 aliwaandikia watumishi wake wa Banaras kuwakataza wasiwaudhi Mabrahmani walinzi wa mahekalu. Aliwapa ardhi na kuwathibitishia milki watu wa ibada wa Kihindu katika Banaras hiyo hiyo, na huko Assam, na kwengineko. Mahekalu mengi yalibaki katika ufalme wake bila ya kuguswa. Wanataarikh wengi waona kwamba yaliyovunjwa yalikuwa katika mikono ya watu waliotuhumiwa uasi: huko Mathura Wajat walikuwa wameasi, na huko Banaras baadhi ya wakubwa walidhaniwa kumsaidia Shivaji, adui wa dola. Na katika watumishi wakubwa wa serikali yake, idadi ya Wahindu ilizidi: zama za baba yake walikuwa kiasi cha mmoja katika watano, na katika miaka yake ya mwisho wakakaribia kuwa mmoja katika watatu. Mtu aliyekusudia kuufuta Uhindu hawakabidhi Wahindu majeshi yake na hazina yake.

Je, haya yanamtoa makosani? Hayamtoi. Sayyidna Umar alipoufungua mji wa Baitul Maqdis aliwapa Wakristo amani ya nafsi zao na makanisa yao. Kuadhibu uasi wa bwana mmoja kwa kubomoa nyumba ya ibada ya maelfu ya watu wasiokuwa na hatia ni siasa ya wafalme, na wafalme wa Kihindu nao walikuwa wakiporana mahekalu tangu zamani kabla Waislamu hawajafika. Ni siasa, haifai kuivika kanzu ya dini, si kwa kuisifu wala kwa kuilaani dini hiyo.

SHIVAJI NA VITA VYA DECCAN

Upande wa kusini, katika nchi za Deccan, alitokea Shivaji, Mmaratha aliyezaliwa mwaka 1630. Baba yake alikuwa amewatumikia masultani wa Kiislamu wa Bijapur. Shivaji aliteka ngome milimani, mwaka 1664 akaupora mji wa bandari wa Surat, na mwaka 1674 akajitawaza kuwa mfalme huko Raigad. Akafa mwaka 1680.

Leo vita vyao hivi husimuliwa kuwa ni vya Uhindu na Uislamu. Lakini jemadari aliyemshinda Shivaji mwaka 1665 na kumtia katika mapatano ya Purandar alikuwa Jai Singh, Mhindu, akimpigania Aurangzeb. Na katika manahodha wa jeshi la bahari la Shivaji alikuwamo Daulat Khan, Mwislamu. Adui mkubwa wa Shivaji baharini walikuwa Masidi wa kisiwa cha Janjira, watu wenye asili ya Uhabeshi, weusi kama sisi, waliojiunga na Wamughal kwa kulinda kisiwa chao.

Mwaka 1681 Aurangzeb alihamia Deccan yeye mwenyewe, wala hakurudi tena Delhi. Mwanawe Akbar alikuwa amemwasi akajiunga na Warajput, kisha na Sambhaji mwana wa Shivaji. Sultani akaziteka Bijapur mwaka 1686 na Golconda mwaka 1687, nazo zote mbili ni dola za Kiislamu. Kadhi wake mkuu, Sheikhul Islam, mwana wa yule Abdul Wahhab, alikataa kuhalalisha vita juu ya Waislamu wenziwe, akauacha ukadhi akaenda Hija. Mwaka 1689 Sambhaji alikamatwa, akateswa, akauawa. Lakini Wamaratha hawakukoma. Vita vikala hazina, vikala askari, vikala mashamba. Njaa ikaingia, hata mwaka 1704 jizya ikasamehewa katika Deccan.

Akafa mjini Ahmadnagar mwezi wa Machi mwaka 1707, umri wake ukikaribia miaka tisini. Katika barua zilizohifadhiwa kwa wanawe alikiri kwamba hakuitunza nchi na raia kama ilivyompasa, na kwamba haoni alichokichuma cha kumkabili nacho Mola wake. Aliusia azikwe bila ya fahari, kwa pesa chache za kofia zake. Kaburi lake likawekwa karibu na kaburi la Sheikh Zainuddin huko Khuldabad, juu yake mchanga na mbingu tu. Uzio wa marumaru ulioko sasa uliwekwa katika zama za Waingereza. Mwana wa mwenye Taj Mahal alijichagulia udongo, naye mwenyewe amejihukumu kwa ukali kuliko watetezi wake wanavyokubali.

ALIVYOFUFULIWA BAADA YA KUFA KWAKE

Basi mtu huyu aliyekufa na majuto yake, ni nani aliyemtoa kaburini?

Wa kwanza walikuwa Waingereza. James Mill, ambaye hakupata kuikanyaga Bara Hindi, alitoa mwaka 1817 taarikh yake ya nchi hiyo, akaigawanya zama tatu: za Wahindu, za Waislamu, na za Waingereza. Angalia mgawanyo huo: wawili wa mwanzo amewataja kwa dini zao, na wa tatu kwa taifa lake. Baadaye Elliot na Dowson walitoa mabuku manane kati ya mwaka 1867 na 1877, wakichagua katika vitabu vya Kiajemi khabari za kuua na kuvunja, na Elliot hakuficha kwamba muradi ni raia wa Kihindu waione neema ya kutawaliwa na Mwingereza. Vitabu hivyo vikasomwa mashuleni. Wakoloni walipoondoka waliacha reli na mahakama, wakaacha na taarikh hiyo.

Wa pili walikuwa wanasiasa wa nchi wenyewe. Katika miaka ya 1890 Tilak alianzisha sherehe za kumkumbuka Shivaji, kwa ajili ya kuwaamsha watu juu ya Waingereza. Lakini huwezi kumsimamisha Shivaji jukwaani bila ya kumsimamisha adui mbele yake, na adui huyo alikuwa na sura ya Mwislamu. Mwaka 1923 Savarkar akatoa kitabu chake cha Hindutva, kikisema kwamba mwenye nchi khasa ni yule ambaye Bara Hindi ni nchi ya wazee wake na pia ni nchi takatifu ya dini yake. Kwa kipimo hicho Mwislamu na Mkristo, japo wazee wao wamezaliwa hapo karne kwa karne, wamekuwa wageni. Hapo ndipo Aurangzeb alipogeuzwa: hakuwa tena mfalme aliyekufa, amekuwa jina la jirani aliye hai.

Wa tatu tulikuwa sisi Waislamu. Iqbal alimsifu katika mashairi yake, na baada ya mgawanyiko wa mwaka 1947 vitabu vya shule vya Pakistan vikamfanya shujaa aliyeilinda dini, na Akbar akawekwa kando kwa kupatana kwake na Wahindu. Yale mauaji ya ndugu, na kufungwa kwa baba, na vita vya Bijapur na Golconda, vikapitiwa juu juu. Basi pande mbili zinazochukiana zimekubaliana jambo moja: kwamba vita vyake vilikuwa vita vya dini. Huyu amesema hivyo kwa kumlaani, na yule kwa kumsifu.

Matunda ya mafundisho hayo yaonekana. Mwezi wa Desemba mwaka 1992 msikiti wa Babri huko Ayodhya, uliojengwa zama za Babur, ulibomolewa na umati, na machafuko yaliyofuata yakaua watu wengi. Mwezi wa Januari 2024 hekalu likafunguliwa mahali pake. Mwezi huo huo mahakama ya Banaras iliruhusu ibada ya Kihindu katika chumba cha chini cha msikiti wa Gyanvapi, ingawa iko sharia ya mwaka 1991 iliyoamrisha kwamba nyumba za ibada, isipokuwa ile ya Ayodhya, zibaki kama zilivyokuwa mwaka 1947. Huko Delhi barabara ya Aurangzeb ilipewa mwaka 2015 jina la Abdul Kalam, rais Mwislamu na bingwa wa sayansi. Na mwaka 2017 barabara nyengine ikapewa jina la Dara Shukoh. Maana yake si ya kufichika: Mwislamu wa kupendwa ni huyu, na wa kuchukiwa ni yule. Ndugu wawili waliopigana mwaka 1658 wangali wakipiganishwa.

Na mji wa Aurangabad, ulio jirani na kaburi lake, uliitwa mwaka 2023 kwa jina la Sambhaji. Twapenda wasomaji wetu wajue kwamba mji huo haukuasisiwa na Aurangzeb wala Sambhaji. Aliyeuasisi, kiasi cha mwaka 1610, ni Malik Ambar, mtoto wa Uhabeshi aliyeuzwa utumwani akafika kuwa waziri mwenye amri katika Deccan, akapigana na Wamughal mpaka akafa mwaka 1626. Katika mabishano yote ya jina la mji huo, jina la Mwafrika aliyeujenga halisikiki ila kwa nadra. Hivyo ndivyo taarikh inavyokuwa ikishikwa na siasa: hutwaliwa kipande kinachokata, na kilichobaki hutupwa.

YATUPASAYO

Ndugu msomaji, dini yetu imetuamrisha kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa juu ya wazee wetu na jamaa zetu, na chuki ya watu isitupeleke katika kudhulumu. Basi tuseme wazi: Aurangzeb alikuwa hodari, mcha Mungu katika ibada zake, mwenye kujinyima mali, na aliwaua ndugu zake, akamfunga baba yake, akavunja mahekalu ya watu, akamaliza nchi kwa vita. Tukisema hivyo Uislamu haupungui kitu. Unapungua tukisema kwamba hayo yote yalikuwa ni dini.

Na dini hiyo hiyo imekataza mtu kuadhibiwa kwa kosa la mwenziwe. Mwislamu wa Nagpur mwenye kibanda chake sokoni hakuvunja hekalu la Banaras. Amezaliwa miaka mia tatu baada yake. Anayemdai deni la Aurangzeb anamdhulumu, na serikali inayonyamaza hali inaona inashiriki dhulma hiyo. Hili tulisema kwa insafu, na tutasikilizwa zaidi tukiwa tumekwisha kusema lile la kwanza.

Vile vile Mhindu mwenye duka katika mtaa wetu hakulitoa tofali hata moja katika msikiti wa Babri. Khabari za huko zikifika barazani petu, haifai zigeuke kuwa maneno ya kumtukania huyu aliyetuuzia sukari jana. Tukifanya hivyo tutakuwa tumewafuata wale wale tunaowalaumu, tukamhukumu aliye hai kwa hesabu ya wengine.

Kaburi la Khuldabad ni mchanga na mbingu. Aliyemo ndani yake amekwisha fika kwa Hakimu asiyehitaji mashahidi wa Delhi wala wa Karachi. Tumwachie hukumu yake, nasi tuziangalie zetu.